UZI: Kupamba Jumamosi kulikuwa na mama anayechekesha watu kwa historia ya nguo za ndani. Tuzungumze

#1 BintiKuze (mwenye uzi)

Salaam aleikum wanabaraza. Waliokuwepo Jumamosi wanajua nasema nini. Nawaomba msitaje ukumbi wala mwenye harusi, si adabu. Wasiokuwepo, vuteni viti.

Kupamba za Mombasa, hizi sherehe za wanawake za kumtoa bi harusi, tumezizoea. Udi, vikuba, biriani, bi harusi aingia saa nne usiku watu washachoka, na MC apiga kelele kwenye maiki mpaka masikio yauma. Safari hii wenye shughuli wakaja na jipya. Kabla bi harusi hajatolewa akapanda jukwaani mama mtu mzima, dera la kijani, miwani yaning'inia kifuani, na sanduku la bati. Akalitua mezani, akafungua kufuli bila haraka, akatukazia macho. "Mabibi, simu zenu zimebaki mlangoni? Haya. Leo mtaziona nguo zangu za ndani zote."

Ndiyo kazi yake hiyo. Kila anachokisimulia anacho sandukuni, nakala alizozishona mwenyewe kwa kutazama picha za makumbusho.

Cha kwanza kutoka kilikuwa kitambaa cha kitani cha pembe tatu, kina kamba mbili. Akasema hii ni chupi ya Firauni. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 zilikutwa humo nguo kama hizi karibu 145, na mwenyewe alikufa kijana hata miaka ishirini hajafika. Akamwita mgeni mmoja, akamfunga juu ya dera: kamba mbili kiunoni, pembe ya tatu ikapitishwa katikati ya miguu, ikachomekwa mbele. Nyuma ya ukumbi nyanya mmoja akapaza sauti: "Si uwinda huo! Babangu akienda nao pwani kutega madema!" Ukumbi ukavunjika. Yule mama hakuona haya wala hakumkata nyanya wa watu. Akamwita jukwaani, akampa kitambaa, akamwambia, "Basi nionyeshe wewe, mimi nimefundishwa na picha." Na nyanya akaonyesha, na fundo lake lilikaa vizuri kuliko la msanii.

Warumi aliwapitia mbiombio (kuna sakafu ya vijiwe kule Sicily, ya karne ya 4, wanawake wafanya mazoezi na vitambaa viwili tu mwilini, mtu angesema wako ufukweni leo). Akapita Austria, kwenye ngome ya Lengberg, ambako mwaka 2008 wachimbaji walifukua chini ya sakafu sidiria za kitani za karne ya 15. Miaka yote watu waliamini sidiria ni jambo la juzi juzi.

Halafu akavaa kirinolini. Hapo ndipo nilipomkubali.

Kirinolini ni pete za chuma chembamba zinazoning'inizwa kwa tepe, ndogo juu, kubwa chini, mwanamke avaa ndani ili sketi isimame duara. Ilianza kuuzwa 1856 na Ulaya nzima ikaingia wazimu. Mama akaipandisha kiunoni, akafunga, akateremsha sketi juu yake. Kisha akapanga viti viwili vya plastiki, akasema hii ni tuktuk yaenda Nyali. Akajaribu kuingia kwa mbele, pete zikainuka nyuma mpaka mabegani. Akajaribu kinyumenyume, zikainuka mbele zikamfunika uso. Akamwuliza "dereva": "Mwanangu, nauli ya mtu mmoja au ya watu watatu?" Mwishowe akaonyesha wenyewe walivyofanya, wabonyeza upande mmoja kwa kiwiko, pete zajikunja, waingia kiubavu. Alikuwa ashafanya mazoezi, kwani aliingia vile bila kugusa kiti.

Ilipomtoka kirinolini tukaona alichovaa chini, suruali nyeupe ya pamba iliyofika magotini. Akageuka. Katikati iko wazi! Miguu miwili imeungwa kiunoni tu, kwengine kote hakuna mshono. Kina mama wakapiga yowe. Akaeleza kwamba kwa karne ya 19 hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mwanamke ana sketi, shimizi, kirinolini na koseti (vazi gumu la kubana kiuno) iliyokazwa, akibanwa na haja atavua nini aache nini? Achuchumaa tu juu ya chungu. Nyanya yule yule akasema, "Kumbe wazungu wana akili."

Akamaliza na nakala ya suruali ya ndani ya Malkia Victoria. Ile ya kweli iliuzwa kwenye mnada Uingereza mwaka 2008, kiuno inchi 50, imetariziwa herufi V na R na taji juu. Akawaita mashoga wawili wa bi harusi, kila mmoja akaingia mguu wake mmoja, nafasi ikabaki. "Mombasa tuliingizwa chini ya ulinzi wa Waingereza 1895," akasema, "na Malkia akafa 1901. Kwa hiyo, mabibi, miaka sita hii ndiyo suruali iliyotutawala."

Sasa langu. Mama ni hodari, sipingi. Anapokuwa na kitambaa mkononi humchoki. Anapokiweka chini akaanza vichekesho vya "mume wangu hivi, mume wangu vile", hivyo twavijua kwa kila MC, angevitupa bahari ya Likoni. Lakini kinachonikera ni kingine: katika sanduku lile lote hakukuwa na kitu kimoja cha pwani. Kama nyanya asingepaza sauti, tungetoka pale tukidhani nguo ya ndani ni habari ya Firauni na wazungu. Shanga za kiunoni ziko wapi? Suruali za marinda ziko wapi?

Nyie mwasemaje?

#2 MvuviWaTudor

Sisi wanaume ndio hatuna letu? Mwakaa ndani, mwafunga milango, mwazungumzia uwinda wa babu zetu, na sisi tuko nje twala pilau na kulinda viatu.

#3 BintiKuze

@MvuviWaTudor kaka, mlitajwa, tena sana. Alitoa kifuko cha kitambaa kilichojazwa pamba, wanaume wa Ulaya wa karne ya 16 walikishona mbele ya suruali zao na kuzidi kukikuza mwaka hadi mwaka. Mfalme Henry VIII alitengenezewa hata cha chuma kwenye deraya yake ya 1540, kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Tower of London. Nyanya alisema nini hapo siandiki.

Ile bukta pana ya lastiki ni ya mabondia. Mwaka 1925 Jacob Golomb, mwenye kampuni ya Everlast, aliondoa mkanda wa ngozi kwenye kaptula zao akatia lastiki. Na chupi ya kiume ile ya kubana iliwekwa dukani mara ya kwanza Chicago, Januari 19, 1935, katikati ya dhoruba ya theluji. Wenye duka wakaona aibu, nani atanunua kichupi siku kama hii, wakaamuru kiondolewe dirishani. Kabla hakijaondolewa vilikuwa vimeuzwa mia sita. Mwanamume, hata kwenye theluji, ukimwambia kitu kitamshika vizuri atatoka nyumbani.

#4 Abu_Makadara

Nauliza kwa nia njema. Haya imekwenda wapi? Kupamba ni siku ya kumwombea bi harusi heri. Mtu mzima ainua chupi mbele ya watu, watu wacheka. Kesho watoto wetu watasema ni utamaduni.

#5 BiMkubwaOldTown

@Abu_Makadara mwanangu, marahaba. Nakujibu kwa upole kwani nadhani umri wangu wanitosha kukuzaa.

Wewe hukuwemo, na haikupasi uwemo. Ukumbi ulifungwa, wanawake watupu, simu mlangoni. Sisi tulipowekwa ndani tulifundishwa na somo yetu, yaani kungwi, mambo ambayo huyu mama hata hakuyagusa. Tulifundishwa kujifunga, kufua cha ndani usiku na kukianika chini ya leso ili kisionekane na mpita njia, kufukiza nguo kwa udi, kuvaa shanga na kujua zavaliwa lini na zavuliwa lini. Tulicheka mpaka tukalia. Haya ni mahali na watu, mwanangu. Jambo moja hilo hilo ndani ya chumba cha somo ni elimu, na barabarani ni utovu.

Kinachoniudhi mimi ni hawa wasichana wasiotaka kukaa na somo, ndio maana yabidi MC alipwe awafundishe chupi.

#6 Abu_Makadara

Nimekusikia Bi Mkubwa. Maadamu ni wanawake watupu na hakuna picha, sina neno. Ila wasije wakaweka TikTok.

#7 MwalimuMstaafu

Kuna jambo moja naomba kuuliza. Je, alisema kuhusu wanawake kukatwa mbavu ili koseti ikaze? Kwani hiyo nimeisikia mara nyingi na haina ushahidi wowote. Upasuaji wa karne ile ulikuwa wa kufisha, nani angejipeleka kwa ajili ya kiuno? Kosa jingine ni kupima koseti za makumbusho zilizofungwa kabisa nyuma, ilhali mvaaji aliacha nafasi kati ya kingo mbili, kwa hiyo kiuno chake kilikuwa kipana kuliko kinavyoonekana kabatini.

Na "mfupa wa nyangumi" unaotajwa si mfupa. Ni zile ndevu ngumu za kinywani ambazo nyangumi huchujia chakula. Zakatwa vipande virefu, zapashwa moto, zakunjwa, zikipoa zabaki na umbo. Wa bahari za baridi kaskazini ana ndevu za kufika mita nne, huyo ndiye aliyewindwa karibu amalizike. Hawa wanaopita kwetu Watamu kila katikati ya mwaka ndevu zao ni fupi, mafundi wa koseti hawakuwataka sana. Bahati yao.

Kirinolini nayo ina upande usiochekesha. Santiago, Chile, Desemba 8, 1863, kanisa lilishika moto na watu zaidi ya 2,000 wakafa, wengi wao wanawake. Nguo pana ziliziba milango na kubeba moto. Sisemi aitie kwenye kupamba. Lakini kama ana onyesho jingine kwa wanafunzi, lisikose.

#8 BintiKuze

@MwalimuMstaafu ya mbavu aliigusa, akasema vile vile usemavyo, ni uzushi. Akamkaza shoga mmoja koseti juu ya dera, akatuonyesha ile nafasi ya nyuma. Ya Chile hakusema.

#9 FundiMajengo

Mimi nashona Majengo, nguo za ndani za maharusi nyingi zapita mkononi mwangu, na nataka watu waelewe kitu kimoja. Sidiria ndiyo kazi ngumu kuliko gauni. Gauni likikosea sentimita moja hakuna ajuaye. Sidiria ina vipande zaidi ya ishirini, na sentimita moja kwenye bakuli yamfanya mtu ajikune siku nzima. Kuna waya, mfuniko wa waya, bawa la ubavuni, ndoano za nyuma, lastiki ya juu tofauti na ya chini. Sasa watu waja waniambia "fundi, mia tatu tu".

Je, alimtaja yule msichana wa New York aliyeunga leso mbili za mkononi kwa utepe? Mary Phelps Jacob. Alitaka kwenda dansi, koseti ikawa yajitokeza juu ya gauni jepesi, akamwambia mtumishi wake alete leso mbili, utepe na sindano. Akapata hati ya uvumbuzi wake Novemba 1914 kisha akaiuzia kampuni ya koseti kwa dola 1,500. Kampuni ndiyo iliyokula. Mimi husema hivyo kwa kila mwanafunzi wangu: usiuze mchoro kwa sababu ya shida ya mwezi mmoja.

#10 BintiKuze

Alimtaja! Na akaishona pale pale, leso mbili za duka, dakika chache, huku anasimulia. Pia akasema kampuni ya Maidenform, ambayo ni watengenezaji wa sidiria, wakati wa vita kuu ya pili walishonea njiwa vesti. Njiwa wa barua hao. Askari wa parachuti aruka na njiwa kifuani amefungwa vesti asikunjue mabawa. Akamvalisha mmoja wa watoto wa mapambo kuku wa plastiki kifuani, ukumbi hoi.

Na jingine: nguo aliyovaa Armstrong mwezini 1969 ilishonwa na kampuni ya Playtex, mafundi wanawake waliokuwa wakishona sidiria na mikanda ya tumbo. Tabaka 21, kwa cherehani. Kampuni nyingine zilileta nguo zao, zikashindwa na washonaji. Fundi, umeona wewe?

#11 FundiMajengo

Nimeona. Hiyo naipiga chapa naiweka ukutani dukani.

#12 KongoweaRobota

Niko Kongowea, nauza mitumba ya ndani, sidiria hasa. Mwacheka ya Malkia, mimi kila robota nafungua makumbusho yangu mwenyewe. Kuna zinazotoka na tiketi ya duka hazijavaliwa, hizo ndizo kamera, zaondoka saa hiyo hiyo kwa wateja wangu wa simu. Kuna za katikati. Kuna fagia, za chini kabisa, hizo tumefukuzia tu mtaji.

Mteja wa Mombasa hadanganyiki. Achukua sidiria, avuta bawa, aachia, asikiliza. Ikirudi kwa uvivu aiweka chini bila neno. Kisha apinda waya kwa kidole gumba aone kama umetoboa. Kisha ndipo auliza bei. Joto letu na jua la kuanikia vyaua mpira, na mkitia dawa ya kung'arisha yenye klorini mwaimaliza kabisa. Anikeni kivulini jamani, Bi Mkubwa kasema, chini ya leso.

Wa Bara wanaouliza mbona serikali hazizuii mitumba ya ndani: Zimbabwe walipiga marufuku 2011, Ghana sheria iko tangu 1994, na Tanzania shirika la viwango, TBS, huwakamata wauzaji kila mara. Soko halikufungwa hata kwa mmoja. Mama mwenye mabinti wanne hawezi kununua mpya dukani, na mpya za bei yake lastiki yake haimalizi Ramadhani. Huyo msanii angechukua hata dakika tano juu ya robota, angetuhusu.

#13 TangaRaha

Wakuu habari za Mombasa. Kwanza nimecheka peke yangu kwenye daladala. Pili, huyo mama anakuja Tanga? Tuna shughuli mwezi ujao. Bei yake ikoje?

#14 BintiKuze

@TangaRaha njoo inbox dada, bei haiandikwi hapa.

@KongoweaRobota nakubaliana nawe mia kwa mia, na ndipo nataka kurudi. Alipofika kwa Amelia Bloomer, Mmarekani mtetezi wa haki za wanawake, alitoa suruali pana ya kufunga kifundoni na sketi fupi juu. Akasema mwaka 1851, jimbo la New York, Bloomer na wenzake walivaa hivi wakazomewa na magazeti, wakachorwa vibonzo, wakafuatwa na watoto barabarani, hata wengi wakarudi kwenye sketi ndefu. Na wenyewe waliita mavazi ya Kituruki. Tukacheka, akapita.

Asipite! Simama hapo! Mwaka huo huo, Unguja na hapa Mvita, kina bibi wa nyumba kubwa walikuwa washavaa suruali chini ya kanzu, imebana miguuni, marinda yamezunguka kifundoni. Tazameni picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani, aliyezaliwa Unguja 1844, yuko na vazi la kwao, marinda yale yaonekana waziwazi. Kule New York mwanamke avaa suruali apigiwa mbinja, huku asiyevaa ndiye angesemwa. Onyesho zima lingegeuka. Wazungu wangekuwa wachelewaji, si walimu.

#15 MwalimuMstaafu

Na ongezea kitambaa. Miaka hiyo pamba nyeupe iliyovaliwa hapa ilikuwa merikani, yatoka viwanda vya Massachusetts kwa meli za Salem hadi Unguja, na hapa Mombasa ikafika kwa majahazi. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, kitambaa cha Uingereza, na baadaye cha Bombay, kikachukua soko. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa kwamba bibi wa Kuze na bibi wa Boston walivaa ndani kitambaa cha kinu kimoja. Huyo mama akitoa vipande viwili vya merikani, kimoja akikate cha wazi katikati, kingine cha marinda, hana haja ya kusema mengi.

#16 BiMkubwaOldTown

Marinda yalitiwa kwa mkono, mshono kwa mshono. Na shanga asiziinue jukwaani, tafadhali. Marinda sawa. Shanga ni za chumbani.

#17 BintiKuze

Nimekuelewa Bi Mkubwa, shanga nimeziondoa.

Habari mpya: nimempigia simu yule mama asubuhi. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa ataka mtu amwambie. Asema kilichomkwamisha ni kwamba nguo za makumbusho za wazungu zina picha kila upande, mbele, nyuma, hata mshono wa ndani, lakini suruali ya marinda hajapata kuishika akaipindua aone ilivyokatwa. Hataki kubuni. Yuko tayari kutoa vichekesho vya mume wake vyote apate nafasi. Kama kuna mwenye ya nyanyake, hata iliyoliwa na nondo, ataikopa aichore kisha airudishe.

#18 FundiMajengo

Ikipatikana nitamshonea mimi, ya kwanza bure. Lakini alete melimeli au merikani yenyewe, asiniletee poliesta. Na kitambaa kingi, marinda yala kitambaa hatari, mguu mmoja tu waweza kumeza zaidi ya suruali nzima ya mwanamume.

#19 BiMkubwaOldTown

Ninayo, ya mamangu. Nyekundu, kiunoni ni ya kamba, haina lastiki. Mwambieni aje na fundi, wanawake wawili tu, baada ya alasiri. Kuichora sawa. Kuipiga picha hapana.

#20 MvuviWaTudor

Na sisi wa uwinda tutafuatwa lini?